Kijana alifukuzwa kwa logi iliyosomwa na jedwali la bildi nyingine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji, najua mnapenda barua fupi ila hii sijaweza kuifupisha, na ingawa ina mambo ya kompyuta ya ndani kabisa, aliyeumia ni mtu, tena wengine ni kina mama waliokuwa wanasimama na ndoo tupu asubuhi nzima.

Mimi ni fundi wa kompyuta, nipo Arusha, kazi zangu nyingi ni seva na hivi vikompyuta vidogo vinavyofichwa ndani ya mashine nyingine. Niliitwa kwenye mradi mmoja wa maji, jina silitaji wala wilaya, wana vile vibanda vya maji ya kadi, mtu anakuja na ndoo yake anagusisha kadi, salio linakatwa, koki inafunguka. Ndani ya kila kibanda kuna kiboksi chenye prosesa ya ARM ya biti 32 kinachoendeshwa na Linux. Sasa viboksi vikawa vinakufa. Sio kwamba programu inagoma halafu unaifungua tena, hapana, kerneli yenyewe inaanguka, kila kitu kimesimama, koki imefungwa, na mpaka mtu apande pikipiki aende akazime na kuwasha hakuna maji.

Kwa asiyejua, kerneli ndo sehemu ya mfumo inayoshika kila kitu, memori, diski, mtandao, kisoma kadi, vyote vinapita kwake. Ikikutana na jambo lisilowezekana, mfano imeambiwa ikasome memori mahali pasipokuwepo, inaandika ripoti ya mwisho ambayo kwenye Linux tunaiita oops, na ikizidi inakuwa panic, hapo imekufa. Ripoti hiyo ina vitu vingi lakini kiini chake ni kwamba prosesa ilikuwa kwenye anwani fulani ya memori ilipojikwaa, na ilifika hapo kupitia anwani hii na hii na hii.

Angalia neno hilo, anwani. Prosesa haijui majina. Aliyeandika kodi, yaani maelekezo ya programu anayoyasoma mtu, aliipa kila fankisheni (kipande cha kodi chenye kazi yake) jina lake lakini baada ya kukompaili, yaani kuigeuza iwe lugha ya mashine, yanabaki maelekezo ya mashine yamepangwa kwenye memori moja baada ya jingine, na kila fankisheni ina mahali inapoanzia. Majina yanahifadhiwa pembeni kwenye faili linaloitwa System.map, ndo jedwali lenyewe, orodha ndefu tu, anwani kushoto jina kulia, na kuna faili jingine kubwa zaidi, vmlinux, ambalo ukikompaili na taarifa za kudibagi (kutafuta makosa) linakwambia hadi mstari wa kodi. Kwa hiyo kusoma logi ya kuanguka, yaani ripoti ile, ni kuchukua anwani kwenye ripoti na kwenda kuitafuta kwenye orodha.

Na hapa ndipo kosa lilipofanyika. Orodha ni ya bildi ile ile iliyoizaa, na bildi ni kerneli iliyotoka kwenye kukompaili mara moja. Ukibadilisha kitu kimoja kwenye kodi, ukaongeza draiva (kodi inayoendesha kifaa fulani), ukabadilisha toleo la kompaila, ukawasha au kuzima chaguo moja kwenye konfigi (faili la mipangilio), basi vitu vinasogea, fankisheni iliyokuwa inaanzia hapa sasa inaanzia kule. Ukichukua logi ya kerneli moja ukaisoma kwa orodha ya kerneli nyingine, hakuna kengele itakayolia, orodha itakupa jina. Itakupa jina kila mara! Kwa sababu anwani yoyote ndani ya eneo la kodi lazima iangukie ndani ya fankisheni fulani, na jina litakalotoka ni jina la kweli la fankisheni ya kweli, sema tu siyo yenyewe. Ni sawa na polisi kaja gesti anauliza nani alilala chumba namba 14 usiku wa jana, mhudumu akafungua daftari la wageni la mwezi uliopita. Jina lipo, sahihi ipo, namba ya kitambulisho ipo, na mtu wa watu anakamatwa.

Kwenye mradi huo aliyekamatwa ni kijana mmoja aliyekuwa ameandika draiva ya kisoma kadi. Nimeisoma kodi yake yote, ni safi, kijana anajua anachofanya. Kampuni iliyoleta viboksi ilipopelekewa logi ilijibu kwa barua rasmi kwamba anwani iliyoanguka, c02a51f4, ipo ndani ya fankisheni ya kisoma kadi, bayti 52 tu kutoka mwanzo wake, ushahidi ukaambatanishwa, kipande cha System.map kinachoonyesha fankisheni hiyo inaanza c02a51c0. Hesabu yao ni sahihi, toa c02a51c0 kwenye c02a51f4 unapata 34 kwa heksa, hesabu ya msingi wa 16, ambayo ni 52 kwa hesabu yetu ya kawaida. Ofisi ya mradi haina mtu wa kuelewa haya, wao waliona karatasi ina namba na ina jina la draiva ya yule kijana. Mkataba wake ukakatishwa. Draiva yake ikatolewa ikawekwa nyingine ya kununua, na viboksi vikaendelea kufa vile vile, ndo nikaitwa mimi.

Nilipopewa ile logi nilianza na ule mstari ambao watu wengi wanauruka, ule unaotaja CPU na PID (namba ya programu) na jina la programu iliyokuwa inaendeshwa, mwishoni mwake kuna toleo la kerneli na alama ya reli (#) ikifuatiwa na namba. Logi ilikuwa imeandikwa #7. Hiyo ni namba ya bildi, kila ukikompaili kerneli upya kwenye folda ile ile namba inapanda. Halafu nikaomba nilitazame lile faili la System.map lenyewe walilotumia, wakanitumia folda nzima, na ndani yake kulikuwa na imeji ya kerneli, yaani faili la kerneli yenyewe, ukiutafuta ule mstari wa utambulisho unaoanza na maneno Linux version unakuta mwishoni #5. Bildi mbili nyuma.

Mhariri, nilikaa kimya muda mrefu. Dakika moja ya kulinganisha 5 na 7 ilikuwa inatosha kumwokoa mtu.

Ikabidi nidai faili za bildi namba 7 na haikuwa rahisi, nilizungushwa karibu mwezi, mara zimefutwa, mara ni siri ya kampuni, ingawa kerneli ya Linux iko chini ya leseni ya GPL toleo la 2 na anayekuuzia kifaa chenye kerneli hiyo anawajibika kukupa kodi yake ukiiomba. Mwishowe zikaja. Kwenye orodha sahihi anwani ile ile c02a51f4 ipo ndani ya fankisheni ya draiva ya modemu, inayoanza c02a5100, yaani bayti 244 ndani. Na fankisheni ya kisoma kadi? Imehamia c02a7b40, imesogea juu zaidi ya bayti elfu kumi. Kwa nini? Kwa sababu kwenye bildi namba 6 kampuni iliongeza draiva ya modemu ndani ya kerneli, ikakaa kabla ya kisoma kadi kwenye mpangilio, ikasukuma kila kilichokuwa mbele yake. Kwa hiyo orodha ya bildi namba 5 isingeweza hata kwa bahati kumtaja mhusika, maana mhusika hakuwepo kabisa kwenye daftari, aliingia baada ya hapo, na kuingia kwake ndo kulikomweka kijana kwenye chumba kisichokuwa chake.

Lakini sikutaka na mimi nifanye kosa lile lile la kuamini orodha kwa vile imenipa jina ninalolipenda. Kuna kitu kwenye logi ambacho hakitegemei orodha yoyote, ule mstari wa Code. Kerneli inachapisha maelekezo yenyewe ya mashine yalivyokuwa kwenye memori pale ilipoangukia, kwa ARM ni maneno matano na la mwisho limewekwa kwenye mabano ndo lenyewe lililoua, kwa prosesa za Intel na AMD ni bayti nyingi zaidi na iliyoua inawekwa kati ya alama za < na >. Unachukua vmlinux unayoishuku, unaifungua kwa objdump, programu inayoonyesha maelekezo ya mashine yaliyo ndani ya faili, unaenda kwenye anwani ile, unalinganisha neno kwa neno. Kwa bildi namba 7 yalikubaliana yote matano. Kwa namba 5 hakuna hata moja. Neno lililoua lilikuwa e5932010, maana yake chukua kilichopo bayti 16 kutoka mahali panapoonyeshwa na rejista r3 (kihifadhi kidogo ndani ya prosesa), na kwenye logi hiyo hiyo r3 ilikuwa sifuri tupu, na ujumbe wa juu ukasema kerneli imeshindwa kufikia anwani 00000010, ambayo kwa heksa ndo hiyo 16. Vyote vinashikana. Modemu ilikuwa inakatika umeme unapocheza, draiva inaweka pointa yake, yaani anwani ya kuifikia modemu, kuwa sifuri, na kipande kingine cha draiva hiyo hiyo kikaendelea kutuma data kana kwamba modemu ipo. Nikawauliza wahudumu wa vibanda, wakaniambia hata kabla sijamaliza swali kwamba viboksi vinakufa umeme ukipungua jioni. Hakuna aliyekuwa amewauliza.

Mtu anaweza kusema kampuni ilikuwa ya hovyo tu yakaisha. Mi naona ni zaidi ya hapo, mtego huu ni wa zamani na umewanasa hata wakubwa. Zamani, kwenye Linux za 2.4 kurudi nyuma, kerneli ilikuwa inachapisha anwani tupu na wewe unaitafsiri kwa programu iliyoitwa ksymoops, aliyeitunza kwa miaka mingi ni Keith Owens, na usipoiambia faili za majina ziko wapi ilikuwa inachukulia kwamba logi ni ya kerneli inayoendeshwa muda huo huo. Fikiria, mashine imeanguka ikawashwa na kerneli nyingine, au umebeba logi umeisomea kwenye kompyuta ya ofisini. Ilikuwa inatoa onyo ikiona orodha mbili hazikubaliani lakini maonyo yalikuwa mengi watu wakazoea kuyapita. Mbaya zaidi ile huduma ya klogd, inayopokea ujumbe wa kerneli na kuuandika kwenye logi, ilikuwa inatafsiri anwani yenyewe kabla hujaiona, na ikishika System.map isiyo yake inaandika majina ya uongo ndani ya logi.

Ndo maana kuanzia 2.6, iliyotoka Desemba 2003, kerneli inaweza kubeba orodha ya majina ndani yake, inaitwa kallsyms, ikianguka inajisomea yenyewe na kukuandikia jina, kisha umbali kutoka mwanzo wa fankisheni, kisha urefu wa fankisheni nzima. Hapo orodha na kerneli vimezaliwa pamoja haviwezi kupishana. Kompyuta nyingi za leo ziko hivyo. Lakini kwenye viboksi vidogo watu wanaizima ili kuokoa nafasi, kama walivyofanya hawa, na ukiizima umerudi mwaka 2002.

Na hata ikiwa imewashwa mtego haujaisha kabisa, umesogea hatua moja tu. Jina utapewa sahihi ila ukitaka kujua mstari wa kodi bado unahitaji vmlinux, na ukitumia isiyo yake utapelekwa mstari mwingine wa faili hilo hilo, huo ni uongo mgumu zaidi kuugundua maana unafanana na ukweli. Hapa ule urefu wa fankisheni ndo mkombozi. Kuna skripti ndani ya kodi ya Linux yenyewe inaitwa faddr2line, ikikuta urefu ulioandikwa kwenye logi haulingani na urefu ulioko kwenye vmlinux uliyoipa inakataa kujibu. Ningekuwa na uwezo kila zana ingekataa hivyo. Programu inayosema sijui, faili hizi hazilingani, inamheshimu mtu kuliko ile inayojibu chochote. Kuna pia build-id, alama inayowekwa na linka (programu inayounganisha vipande vilivyokompailiwa) ndani ya faili, kwa kawaida bayti 20, bildi mbili tofauti zina alama tofauti, na kerneli za kuanzia 5.14 unaweza kuziwasha ziichapishe humo humo kwenye logi.

Kwenye seva kuna jambo jingine linawachanganya vijana, nimelazimika kulieleza mara nyingi. Siku hizi kerneli kila ikiwashwa inajiweka sehemu tofauti ya memori kwa makusudi, ili mdukuzi asijue kilipo kitu, inaitwa KASLR, kwa mashine za x86 (za Intel na AMD) iliingia Linux 3.14 mwaka 2014 na kuanzia 4.12 mwaka 2017 inakuja imewashwa. Kwa hiyo hata ukiwa na System.map ya bildi yenyewe, anwani kwenye logi haitakubaliana na ya kwenye faili mpaka utoe ule mruko, na mruko huo kerneli inauandika mwishoni mwa panic, mstari unaoanza Kernel Offset. Watu wanakata logi kwenye picha ya simu, ule mstari wa chini unabaki nje, halafu wanakutumia WhatsApp uwasaidie. Tafadhalini, pigeni picha hadi mstari wa mwisho.

Windows wao wana njia yao, faili za majina zinaitwa PDB na kila moja ina namba ya GUID inayotakiwa kulingana na ya programu yenyewe, dibaga (programu ya kutafuta makosa) ikikuta tofauti inakataa faili hilo isipokuwa umeilazimisha. Tulipoona tarehe 19 Julai 2024 viwanja vya ndege vimesimama baada ya apdeti ya CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, kuangusha kompyuta ambazo Microsoft ilikadiria ni milioni 8.5, zilisambaa ndani ya masaa tafsiri za harakaharaka za ile ripoti ya kuanguka, wengine wakasema ni pointa ya sifuri tu, na baadaye uchunguzi wa kampuni yenyewe ukaonyesha ni kusoma nje ya mipaka, kiolezo kilitaja sehemu 21 za taarifa na kodi ikaleta 20. Pale kulikuwa na macho ya dunia nzima, kosa likasahihishwa. Kwenye kibanda cha maji kijijini nani atasahihisha?

Ndo maana naandika gazetini. Miradi yetu inanunua viboksi kila siku, vya maji, vya maegesho, vya tiketi, vya mizani, na ndani ya karibu vyote kuna kerneli ambayo mtu ameikompaili ofisini kwake. Kwenye mkataba utakuta dhamana ya betri, dhamana ya skrini, hadi rangi ya boksi imeandikwa, lakini hakuna mstari unaosema kila bildi itakayowekwa ije na vmlinux yake, System.map yake na konfigi yake. Nawaomba wanaosaini mikataba hii waongeze mstari huo. Ni faili tatu, zinaingia kwenye fleshi, na ziwekwe kwenye folda yenye namba ya bildi ili hata baada ya miaka mitano mtu azikute.

Na wakuu wa ofisi, mkiletewa karatasi inayosema mashine imeanguka kwa sababu ya kodi ya fulani, ulizeni swali moja kabla hamjamwita fulani: namba ya bildi kwenye logi ni ngapi, na namba ya bildi ya faili mlilosomea ni ngapi. Hamhitaji kuwa wataalamu kulinganisha namba mbili. Wasipoweza kuwajibu basi hiyo karatasi hamjaipokea.

Draiva ya modemu ilirekebishwa, mistari minne tu ya kodi, na tangu hapo viboksi havijaanguka kwa sababu ile. Kijana yeye sasa hivi anauza vifaa vya simu mjini, nimekaa naye, ana akili ya hii kazi kuliko wengi ninaowajua, lakini kila akiomba ajira anaulizwa kwa nini mkataba wake ulikatishwa na barua ile bado iko kwenye faili lake, ina ile anwani c02a51f4 na jina la fankisheni yake pembeni. Ripoti yangu ofisi ya mradi imeipokea na kugongewa muhuri, ina zile kurasa mbili za objdump zimewekwa sambamba, namba 5 na namba 7. Ninachosubiri kutoka kwao ni barua ya pili, ya kuifuta ile ya kwanza, na ianze kwa jina lake.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa kompyuta, Arusha